Nani ashauri kuhusu kima cha chini cha mshahara Uganda?

Swali: Ndugu zangu, kima cha chini cha mshahara nchini mwetu kimebaki shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, fedha isiyotosha hata nauli ya siku chache mjini Kampala. Je, chombo huru cha ushauri kingesaidia?

Jibu la kwanza: Kingesaidia iwapo tu serikali italazimika kujibu mapendekezo yake hadharani, kwa kuwa bodi ya ushauri iliwahi kupendekeza shilingi 136,000 bila utekelezaji, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 ulikosa saini ya Rais.

Jibu la pili: Uingereza ina tume inayowakutanisha waajiri, wafanyakazi na wataalamu. Kwetu, ndugu, ningewaongeza watumishi wa nyumbani, ambao hawaulizwi kamwe.