Mia tatu nimelipa, nikapuliziwa mandazi kwenye simu!!

Watu wa Nakuru, niko kwa matatu ya Free Area na mikono inatetemeka kwa hasira. Jina sitaji. Mnamjua. Yule fundi simu wa mwavuli na spika inayokoroma, anayekuita "mkubwa" huku anakukamua.

Simu ilikuwa haishiki chaji mpaka uukunje waya na uulalie. Nikampelekea. Akachungulia kwa jicho moja, akatikisa kichwa kama aliyeona maiti. "Mkubwa, sistimu ya chaji imekufa. Elfu moja mia tano." Nikamwambia sina. Basi akauma mandazi, akatafuna, AKAPULIZA. Kwa mdomo! Ndani ya tundu la chaji! Mandazi hajameza! Iliki niliinusa mpaka nilipokuwa nimesimama.

Kisha akatoa kijiti cha meno (kilitoka wapi, sitaki kujua), akakwangua, likatoka donge la vumbi na nyuzi za jaketi, kama tonge zima la ugali. Akaliinua: "Mkubwa, humu unafuga kondoo!" Steji nzima ikaangua kicheko. Chaji ikaingia papo hapo. Maiti imefufuka, mia tatu.

Pesa nimesamehe. Kondoo nimesamehe. Lakini kupuliza? Na mandazi?

Wa_58: Kwako hakuna kijiti cha meno? Unazima simu, unawasha tochi, unakwangua polepole pembeni, tundu likiangalia chini uchafu udondoke. Bure. Wewe umelipa mia tatu kuchekwa.

MamaLanet: Na msitumie pini! Hizi simu za waya usio na juu wala chini zina kaulimi kembamba katikati, hapo ndipo umeme unapita. Kijana wangu alikachokoa kwa pini ya nywele, kakavunjika. Sasa ile simu ni kioo cha kujitazama.

Mzee_wa_Bondeni: Jina lenyewe la Nakuru kwa Kimaasai ni mahali pa vumbi. Ulitarajia mfukoni utoe marashi?

Mwenye uzi: Mama, asante, lakini MATE je? Mate si maji? Amepuliza ndani ya umeme!

Kaptembwo_Daima: Kwani mandazi ni ya yule mama wa kando ya steji? Hayo mimi ningelipa mia tano nipuliziwe.

Wa_58: Yale yamebaki hewa tupu. Jana nimebonyeza la shilingi kumi likapumua.

MamaLanet: Unga umepanda, mlitaka afanyeje? Nyinyi ndio mnakula matatu na kulipa mawili.

Kaptembwo_Daima: Mama, mbona unajua hesabu yangu?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwa simu. Alipuliza!

Kijana_wa_Shabab: Afadhali wewe umepuliziwa. Mimi makanga alinishusha nusu ya safari, chenji yangu hamsini akaenda nayo akinipungia mkono.

Mzee_wa_Bondeni: Hao! Wingu likionekana tu, nauli imepanda. Mvua yenyewe bado iko Njoro.

Wa_58: Mwenye uzi, si uko kwa matatu? Leo Free Area ni ngapi?

Mwenye uzi: Themanini.

Wa_58: THEMANINI? Na jua hili?

MamaLanet: Umeibiwa, mwanangu.

Mwenye uzi: Ngojeni kwanza. Nilimpa mia mbili. MAKANGAAA!