Tupeane uzoefu: klachi mpya, gia boksi inavuja

Kipanga Mweusi: Wakuu, juzi nimebadilisha klachi ya kiHiace changu. Leo asubuhi nakuta dimbwi chini, pale gia boksi inapokutana na injini. Fundi anasema itakata yenyewe. Yaliyowakuta?

Mama Spea: Itakata yenyewe, mafua hayo? Nusa kwanza. Ikinuka yai viza ni oili ya gia. Isiponuka, nyeusi, ni ya injini: imekufa sili ya krenki, ile raba ya kuzuia oili nyuma ya injini.

Deree Mstaafu: Umenikumbusha mbali. Canter, nyanya za Ilula naleta Dar, klachi ina siku mbili. Fundi alichomoa propela, lile bomba la kuzungusha tairi za nyuma, oili ya gia boksi ikamwagika kwa nyuma. Propela akairudisha, oili hakuirudisha. Mimi nami sikuuliza. Nashuka mlima Kitonga gia ya pili, gia boksi inavuma kama mashine ya kusaga. Kwenye kona, gia ikachomoka! Gari huru, matenga yananisukuma, breki zinatoa moshi. Utingo akafungua mlango akaruka. Nikaenda kujisugua na mlima, ikasimama.

Chuma Chakavu: Pole mkuu. Utingo alipona?

Deree Mstaafu: Michubuko tu. Mpaka leo ananidai posho ya siku ile.

Chuma Chakavu: Na nyanya?

Deree Mstaafu: Nyanya usiulize.

Mtoto wa Gereji: Tumwache mwenye mada jamani? Ikivujia hapo kati, plate ya klachi italowa na klachi mpya itateleza. Shusha gia boksi tena, weka sili mpya zote, ya krenki na ya shafti ya gia boksi. Sili bei chee, kushusha ndiko kunauma. Oili jaza gari ikiwa tambarare mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia. Hakikisha ni oili ya gia ya daraja la GL-4.

Babu Landrover: Weka GL-5, ndiyo kubwa.

Mtoto wa Gereji: Babu, hizo si alama za mtihani. GL-5 nyingi dawa yake inakula shaba ya sinkronaiza, vile vipete vinavyolainisha gia kuingia. Fuata kitabu cha gari.

Babu Landrover: Nimeshika usukani hujazaliwa.

Chuma Chakavu: Tia unga wa mbao kwenye gia boksi, kelele inakata kabisa. Ila uwe unauza gari, sio unaendesha 😂

Kipanga Mweusi: Nimelala chini nimenusa. Yai viza. Fundi anataka hela ya kushusha upya.

Mama Spea: Asikuzoee, usimpe hata mia!

Deree Mstaafu: Mpe, lakini ukae hapohapo na kigoda chako mpaka uione oili ikiingia.