Nina stashahada ya ugavi, niko Tanga mjini: nianze na PSPTB, cheti cha forodha au Excel?

BintiMakorora
Habari za jioni wakuu. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, field nilifanya stoo ya halmashauri. Nina akiba ya laki sita na sitaki kuichezea. Mbele yangu kuna njia tatu: mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), cheti cha uwakala wa forodha, au kozi ya kompyuta, hasa Excel. Vyote kwa mpigo siwezi. Halafu kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Nauliza wanaojua waajiri wa huku wanaangalia nini hasa wanapochukua mtu wa stoo au ununuzi. Tafadhali, "jiajiri" nimeshaisikia, inatosha.

Stoo Kuu
Dada, umeanza na cheti wakati ungeanza na mwajiri. Kwa kada yako Tanga ina waajiri wa aina tatu, na kila mmoja ana kipimo chake. Serikali na taasisi zake wanaangalia usajili wa Bodi na usaili wa maandishi. Viwanda, yaani saruji na chokaa upande wa Pongwe na Maweni, maziwa, mkonge kuelekea Muheza na Korogwe, wanataka mtu ambaye hesabu yake ya stoo inafunga. Mawakala wa forodha wanataka mtu anayesoma nyaraka bila kubahatisha.

Kabla hujatoa hata shilingi, kusanya matangazo ishirini ya kada yako, ya miezi sita iliyopita, popote yalipotoka. Chukua daftari, chora safu, kila sharti liwekee alama linapojitokeza. Usiangalie "awe mchapakazi", hilo wanaliandika wote. Angalia jina la programu, usajili, aina ya stoo, na ripoti anazotakiwa kuandaa. Safu yenye alama nyingi ndiyo inayostahili hela yako.

Hiyo miaka miwili isikutishe sana. Kwa kampuni binafsi mara nyingi maana yake ni "tusikufundishe GRN (hati ya mapokezi ya mzigo) ni nini". Ukionyesha unaijua, wengi wanalegeza. Serikalini sharti likiandikwa limeandikwa, usipoteze bando.

Ngamiani 15
Nichukue upande wa serikali. Sheria ya Bodi ya mwaka 2007 inataka anayefanya kazi ya ununuzi na ugavi awe amesajiliwa. Usajili na mitihani ni vitu viwili, watu wanavichanganya. Kwa stashahada yako unaweza kuomba usajili wa daraja linalokufaa sasa hivi, mitihani ya ngazi za juu ukaifuata baadaye ukiwa na mshahara. Kwa hiyo katika laki sita, usajili ndio uingie kwanza.

Kisha akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Wengi wanaachwa kabla hata ya mchujo kwa mambo madogo: jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la NIDA, au mtu amepakia "statement of results" badala ya cheti chenyewe, na matangazo yanasema wazi kuwa haikubaliki. Kama majina yanapishana hata herufi moja, shughulikia kiapo cha majina leo, usisubiri tangazo. Barua isainiwe kwa mkono, halafu iskaniwe. Wadhamini watatu, namba zao ziwe hewani, na uwaambie kuwa umewaandika.

Kwa usaili wa maandishi soma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake, pamoja na NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni ulioingia 2023 kuchukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Anayejibu kwa kutumia sheria ya 2011 anajionyesha mwenyewe kwamba notsi zake ni za kaka yake.

Mzigo_Bandarini
Cheti cha forodha ni kizuri, ila kwako kisiwe cha kwanza. Kinatolewa na Chuo cha Kodi kwa utaratibu wa Afrika Mashariki, na kampuni ya uwakala ikiomba leseni inatakiwa iwe na watu wenye nacho. Lakini ofisi ndogo za hapa mjini haziajiri cheti peke yake. Zinaajiri mtu atakayepokea nyaraka asubuhi na kuona kosa kabla TRA hawajaliona.

Kweli bandari ya Tanga imebadilika. Zamani meli zilitia nanga mbali na mzigo kuletwa kwa matishali. Sasa kuna gati la mita 450 lenye kina cha mita 13, meli inafunga palepale. Kazi za nyaraka zimeongezeka, na wanaozigombea pia.

Jaribio la kawaida la usaili ni hili. Unapewa ankara, "bill of lading" (hati ya shehena ya meli) na orodha ya vifungashio, unaambiwa ukadirie kodi. Tuseme bei ya mzigo ni dola 10,000, nauli ya meli 1,200, bima 150. Thamani ya forodha ni CIF, yaani bei, bima na nauli kwa pamoja, maana yake 11,350. Ushuru ukiwa asilimia 25 unapata 2,837.50. Sasa VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 11,350. Inapigwa kwenye CIF ukijumlisha na ushuru, yaani 14,187.50, inakuja 2,553.75. Anayepiga kwenye CIF tupu anapata 2,043, na mteja ataambiwa pungufu ya dola 510.75. Tozo nyingine nimeziacha makusudi, zinabadilika kwenye bajeti. Angalia pia uzito kwenye "bill of lading" na kwenye orodha ya vifungashio. Vikipishana, sema. Mara nyingine wamevipishanisha wao wenyewe waone kama una macho.

Viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni 0, 10, 25 na 35. Jua hivyo, jua "HS code" (namba ya aina ya bidhaa) inatafutwaje kwenye kitabu cha ushuru, tayari umewapita wengi wanaokuja na faili tupu.

Stoo Kuu
Narudi kwenye viwanda maana ndiko nafasi za kada yako zilipo nyingi, na ndiko watu wanakofeli jaribio la kompyuta huku CV imeandikwa "Excel: vizuri sana".

Jaribio lenyewe ni faili la mistari mia mbili, mia tatu: mapokezi na matoleo ya mwezi. Unaulizwa salio la kila bidhaa. Limejaa mitego. Saruji imeandikwa kwa majina mawili, moja lina nafasi ya ziada mwishoni ambayo jicho halioni. Mstari mmoja ni tani, mwingine mifuko (mifuko 20 ya kilo 50 ndiyo tani moja). Tarehe nyingine ni maandishi tu, kompyuta haizitambui. Ukikimbilia kujumlisha umekwisha. Fuata hivi: nakili faili kwanza, ya asili usiiguse. Safisha majina kwa TRIM, inaondoa nafasi za ziada. Geuza vipimo vyote viwe kimoja. Kagua tarehe kwa kuzipanga, zisizojipanga ndizo mbovu. Ndipo uweke SUMIFS (kujumlisha kwa masharti) ya mapokezi na ya matoleo, utoe salio. Salio likiwa hasi usilifute, lipake rangi uandike pembeni "toleo bila mapokezi, lichunguzwe". Mara nyingi hapo ndipo alama zilipo, kwa sababu msimamizi anatafuta mtu ambaye hafichi.

SUMIFS, XLOOKUP au VLOOKUP (kutafuta taarifa kwenye jedwali), PivotTable (jedwali la muhtasari) na kuchuja. Hivyo vinne vinatosha kuanzia. Kozi ya miezi mitatu inayokufundisha kuchora mipaka ya jedwali achana nayo.

Watakuuliza pia kiwango cha kuagizia upya. Matumizi ya siku 40, mzigo unachukua siku 6 kufika, akiba ya tahadhari 80: 40 mara 6, ongeza 80, unapata 320. Stoo ikifika 320 unaandika ombi. Ukitaja kwamba msambazaji wa Dar akichelewa siku mbili akiba yote ya tahadhari inaliwa, hapo unaongea kikazi.

Jambo la mwisho ni vipuri. Kwenye stoo ya kiwanda fundi anakuja dirishani anataka "beringi ya sitini na mbili sifuri tano". Ukimpa 6205 ZZ wakati mashine inataka 6205-2RS umempa yenye vifuniko vya bati badala ya mihuri ya mpira. Saizi ni ileile, shimo milimita 25, inaingia vizuri kabisa. Vumbi la saruji linapita, beringi inakufa mapema, na lawama inarudi stoo. Kwa hiyo soma namba yote hadi herufi ya mwisho, na kwenye kadi iandikwe hivyohivyo.

Mwana wa Pangani
Mkuu Stoo Kuu, sikubaliani na hilo la kumuondoa kwenye kozi. Wengi hawana kompyuta nyumbani, darasani angalau anapata mashine. Aulize tu kabla ya kulipa: nitakaa na kompyuta peke yangu saa ngapi kwa wiki, na tutatumia data za stoo au mifano ya darasani? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, hela ibaki mfukoni.

Stoo Kuu
Hapo sawa. Swali hilo alibebe.

Raskazone Kaskazi
Kuna mlango hamjautaja. Wazabuni wadogo wa hapa mjini, wenye steshenari, hadiwea, wauza vyakula, hawawezi kuuza kwa halmashauri au shule bila kuwa ndani ya NeST, na wengi hawajui hata pa kuanzia. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, vikundi vingi havijatumia. Mtu anayeweza kusajili, kuhuisha leseni ya biashara na cheti cha kodi kabla havijaisha muda, na kuwasilisha zabuni bila kusubiri saa ya mwisho (mfumo unafunga wenyewe, haujui kuombwa) anatafutwa. Dada amesema hataki kujiajiri, sawa. Aombe kazi kwao, nusu siku. Ni uzoefu wa kuandikwa, na serikalini unaeleweka.

Ngamiani 15
Kuhusu CV: usiandikiwe steshenari. Wana kiolezo kimoja, "objective" ileile kwa dereva na kwa mhasibu, mwajiri wa Tanga keshaisoma mara mia. Kurasa mbili, PDF, jina la faili liwe jina lako na nafasi unayoomba. Na field iandike kwa kazi, siyo kwa jina la ofisi. "Nilifanya mafunzo kwa vitendo stoo ya halmashauri" haimwambii mtu kitu. "Nilishiriki kuhesabu mali mwisho wa mwaka, nililinganisha kadi na leja, nilijaza hati za mapokezi" inamwambia. Andika ulichofanya kweli tu, maana swali la kwanza la usaili litatoka hapohapo.

BintiMakorora
Asanteni sana, nimeandika yote. Naanza na usajili wa Bodi na Excel, forodha itasubiri. Kuna ofisi moja wamesema nije "kujitolea" stoo, hawajasema muda wala posho. Nikubali? Na kwenye usaili wakinipa LPO na ankara wanataka nifanye nini?

Mzigo_Bandarini
Mdogo wangu, wanataka ulinganishe karatasi tatu: LPO (oda ya kununulia), hati ya mapokezi na ankara. Mfano wa kawaida: LPO inasema 500, zimepokelewa 480, ankara imekuja ya 500. Jibu siyo "nitalipa 500 kwa sababu ndivyo tulivyoagiza". Malipo ni ya 480, unaomba "credit note" (hati ya kupunguza deni) ya 20 au msambazaji alete zilizobaki kwa hati nyingine ya kupokelea. Angalia na bei ya moja moja, wakati mwingine idadi iko sawa na bei ndiyo imepanda. Kisha uliza risiti ya EFD.

Stoo Kuu
Kuhusu kujitolea, usikatae wala usikubali kwa mdomo. Omba barua yenye vitu vinne: tarehe ya kuanza na kuisha (isizidi miezi mitatu), kazi utakazofanya, nani anakusimamia, na kwamba mwisho utapewa barua ya utambulisho inayotaja kazi hizo. Nauli ya kwenda na kurudi ni haki kuiomba. Halafu funguo za stoo usikabidhiwe peke yako bila hesabu ya makabidhiano iliyosainiwa na pande zote mbili. Mtu wa kujitolea ndiye wa kwanza kutajwa mali ikipungua. Wakigoma kuandika, nenda TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, uulize nafasi za mafunzo ya uzoefu kwa wahitimu, zile zina utaratibu wa maandishi.

Na ikitokea wakakuajiri kabisa, mwezi wa pili chungulia NSSF kama mchango umeingia. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida kumi yako na kumi ya mwajiri. Wapo wanaokata ile kumi yako na isionekane kokote.

Mwana wa Pangani
Na anayekuomba hela ya "fomu" au ya "kukuwekea nafasi" kwenye bomba la mafuta Chongoleani, mfungie namba papo hapo. Za mradi zinatangazwa, na nyingi ni za makandarasi kwa muda maalumu. Ukiitwa, uliza mkataba unaisha lini kabla hujaacha kazi nyingine.