Pointi za kadi ya Marekani: kuwakatia wazee tiketi KIA–Zurich inawezekana?

Mdau_wa_Rau
Wakuu, habari za majukumu. Ndugu yetu aliyeko Marekani ana pointi 120,000 kwenye kadi ya benki ya Chase, na anataka zitumike kuwapeleka wazee wawili Uswisi: KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwenda Zurich na kurudi, mwezi wa saba. Pasipoti wanazo, viza bado. Pointi zihamishiwe shirika gani, akaunti iwe ya nani, na fedha gani bado italipwa mfukoni? Maana unaambiwa tiketi ya bure, halafu bili inakuja.

Sakina_Juu
Mkuu, asihamishe hata pointi moja leo. Zikishatoka Chase kwenda shirika la ndege zinageuka maili za shirika hilo na hazirudi. Atafute kwanza viti vinavyolipiwa kwa maili, akivipata ndipo ahamishe. Mara nyingi zinaingia papo hapo.

Akaunti iwe yake mwenyewe. Chase hawapeleki pointi kwenye akaunti ya mzazi aliyeko Moshi, wanakubali ya mwenye kadi au ya mtu wa nyumba moja naye aliyeongezwa kwenye kadi hiyo. Haina shida, maili zikiwa kwake anawakatia wazee tiketi kwa majina yao.

Shirika: kwa KIA ningeangalia mawili. Flying Blue, ambao ni mpango wa maili wa KLM, kupitia Amsterdam, na United. United haitui KIA, ila iko Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na Ethiopian na Turkish, na hao wote wanatua. Kwa hiyo maili za United zinaweza kukata KIA–Istanbul–Zurich kwa Turkish. Sasa ile bili unayoisema: kodi za viwanja unalipa kokote, lakini Flying Blue wanaongeza na ada ya shirika juu yake. United hawaitozi. Maili zikikaribiana, United.

Kujua kama inalipa, chukua bei ya tiketi, toa kodi, gawa kwa maili. Mfano tu: tiketi dola 1,300, kodi dola 100, maili 60,000. Hapo kila pointi imekupa senti 2, wakati Chase wakimlipa fedha taslimu kwa kawaida anapata senti 1. Ikishuka kwenye senti 1.2, nunueni tiketi tu, pointi zikae.

Mangi_Kibosho
Kwenye kutafuta viti ndipo watu wanapokwama. Julai ni msimu wa wapanda mlima, viti vya maili vinakuwa vichache. (Desemba usijaribu kabisa, kila mtu anarudi nyumbani Kilimanjaro kwa sikukuu, tunasema kuhesabiwa.) Wazee wakikubali Aprili, Mei au Novemba mwanzoni, nafasi inaongezeka.

Tafuta abiria mmoja kwanza, kisha wawili. Ukiandika wawili wakati kimebaki kiti kimoja, mfumo unakuonyesha patupu na unadhani siku hiyo imejaa. Kagua pia kipande kwa kipande, KIA–Istanbul peke yake, halafu Istanbul–Zurich.

Halafu kuna viti hewa. United inaonyesha kiti cha Turkish vizuri kabisa, ukifika kuthibitisha inagoma. Fungua na tovuti ya Aeroplan, mpango wa maili wa Air Canada, nao wako Star Alliance: kiti kikionekana kote kuwili, kuna uwezekano mkubwa kipo. Kikionekana upande mmoja, apige simu United kabla ya kuhamisha.

Bibi_Tiketi
Majina! Pasipoti zetu zina jina la baba katikati, na fomu ya tiketi ina visanduku viwili. Nakili herufi kwa herufi kutoka mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, siyo jina ambalo mzee anaitwa kanisani.

Mdau_wa_Rau
Nashukuru sana wakuu. Na viza ikigoma?

Sakina_Juu
Hapo ndipo tiketi ya maili inaipita ile ya bei rahisi, ambayo ukiifuta fedha imekwenda. Tiketi ya maili ukiifuta kabla ya safari, maili zinarudi. Flying Blue kwa kawaida wanakata ada, United kwa kawaida hawakati. Lakini zinarudi kwenye akaunti ya shirika, haziendi tena Chase. Na wafute kweli. Kutotokea uwanjani bila taarifa ni gharama nyingine.

Ada ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingia Uswisi, ni euro 90 kwa mtu mzima na haihusiani na pointi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida ni siku 15, yanaweza kufika 45. Msisubiri Juni.

Mangi_Kibosho
Mtu atakuambia mwende Nairobi mkapande British Airways. Kwa wazee sishauri. Kuna mpaka wa Namanga, kuna basi, na basi likichelewa shirika la ndege halikujui. Isitoshe, pasipoti ya Tanzania ikibadilisha ndege London mara nyingi inadaiwa viza ya kupitia, hata kama hutoki nje ya uwanja.

Malazi ndiyo yatakayowaumiza zaidi, Zurich ni ghali. Zikibaki pointi, Chase inahamishia pia hoteli za Marriott, na kule ukilipia kwa pointi usiku 5 mfululizo unakatwa za usiku 4. Chakula wanunue kwenye maduka ya Migros au Coop.

Mdau_wa_Rau
Poa, namtumia uzi huu aanze na tarehe za Mei.