Je, Kijana Apige Kura Katika Kila Uchaguzi, Hata Ule Mdogo?

Mleta mada, Nakuru

Kila unapotajwa uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 mbele ya vijana wenzangu hapa Kenya, husikia majibu mawili. Wapo wanaosema kwamba tutakutana debeni, na wapo wanaosema kwamba kura haijawahi kumsaidia maskini. Nayaona yote mawili yakiwa na kasoro moja: yanauchukulia uchaguzi kuwa siku moja katika miaka 5 na karatasi moja tu, ile ya urais. Ninayoitetea hapa ni kauli kwamba kijana ana sababu ya kupiga kura katika kila uchaguzi, na kwamba sababu hiyo huzidi kupata nguvu kadiri uchaguzi wenyewe unavyokuwa mdogo.

Tutazame hesabu. Mwaka 2022, katika kinyang'anyiro cha urais, tofauti kati ya William Ruto aliyeshinda na Raila Odinga ilikuwa kura 233,211, katika uchaguzi uliopigwa kura zaidi ya milioni 14. Mtu mmoja akijiuliza kura yake ilikuwa na uzito gani katika mlima huo, simlaumu. Lakini katika uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kiambaa, Julai 2021, mshindi alimzidi aliyemfuata kwa kura 510 tu. Na Novemba 27, 2025, kule Mbeere Kaskazini, tofauti haikufika hata 500. Watu wa idadi hiyo hupatikana kando ya uwanja siku ya mechi ya mtaa, na wengi wao huwa vijana.

Halafu kuna suala la nani anayeamua nini. Katika uchaguzi mkuu mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi 6, kila moja ya kiti chake, na ile inayodharauliwa kuliko zote ni ya mwakilishi wadi. Huyu ndiye anayekaa katika bunge la kaunti na kupitisha bajeti ya zahanati, shule za chekechea na barabara za vijijini, na ndiye anayepitisha sheria ya fedha ya kaunti, ambayo hupanga ada ya soko, leseni ya kinyozi na ada ya kuegesha gari. Nimekaa na vijana wanaoweza kukutajia mawaziri wote wa serikali ya kitaifa, kisha ukiwauliza jina la mwakilishi wao wa wadi wanatazamana. Mtu wa namna hiyo akilalamikia ada ya kibanda chake, nani amtetee?

Nauhesabu hata mchujo wa vyama. Katika maeneo ambayo chama kimoja kinatawala, anayepata tiketi ndiye mbunge, na kura ya Agosti huwa ya kumthibitisha tu. Kwa hiyo kijana anayejitokeza Agosti pekee hufika sahani zikiwa zimeshaoshwa. Ni kweli kwamba John Paul Mwirigi alishinda kiti cha Igembe Kusini mwaka 2017 akiwa na miaka 23 na akiwa mgombea huru, lakini mfano huo tunaukumbuka kwa sababu ni nadra.

Mchangiaji, Eldoret

Ndugu mleta mada, hoja zako zimepangwa vizuri, ila zinamhukumu kijana kabla ya kumsikiliza. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuongeza kodi, ulipitishwa Juni 25 na wabunge 195 dhidi ya 106. Wabunge hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Walichaguliwa, na baadhi yetu tuliwapigia kura. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini, na kilichomfikisha hapo hakikuwa karatasi yoyote kati ya zako 6 bali vijana waliojaa barabarani, ambao baadhi yao hawakurudi nyumbani. Ukimwambia kijana huyo kwamba sauti yake iko debeni, usishangae akikuuliza ilikuwa wapi siku ile.

Pili, tulipiga kura Agosti 2017, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais kwa sababu sheria haikufuatwa katika uendeshaji wake. Tatu, mnatuhimiza tusikose uchaguzi hata mmoja, ilhali watu wa eneo bunge la Banissa walikaa zaidi ya miaka 2 na nusu bila mbunge, tangu aliyekuwepo alipofariki Machi 2023, kwa kuwa tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna wa kuitisha uchaguzi mdogo. Serikali ikikosa uchaguzi, huo ni utaratibu. Kijana akikosa, huo ni uzembe?

Kwa maoni yangu, kutojitokeza nako ni kauli. Mwishoni mwa mwaka 2021 tume ilitaka kusajili wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata takriban milioni 1.5. Mwaka uliofuata, wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na ile ya 2017. Hiyo ni lugha, kwa anayetaka kusikia.

Mleta mada

Nianze na Banissa, kwa sababu hapo sina jibu. Wananchi walinyimwa uchaguzi na wale waliopaswa kuuandaa, na hakuna kijana wa kubebeshwa lawama hiyo.

Kuhusu kususia kuwa kauli, nauliza: ni nani anayelazimika kuisikiliza? Katiba yetu ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Haijaweka kiwango cha chini cha watu wanaopaswa kujitokeza. Tulishalijaribu jambo hili Oktoba 2017, katika marudio ambayo upinzani uliyasusia: waliojitokeza hawakufika asilimia 40 ya waliosajiliwa, katika sehemu kubwa ya kaunti 4 za Nyanza kura haikupigwa, na bado Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98, akaapishwa Novemba. Hata anayekwenda kituoni akaiharibu karatasi yake kwa makusudi hapati anachokitafuta, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika kukokotoa asilimia ya mgombea. Kwa sheria yetu, ukimya hauna safu yake katika fomu ya matokeo. Aliyenyamaza huongezwa, bila kuulizwa, kwenye uzito wa wale waliokwenda.

Juu ya barabara hatutofautiani sana. Maandamano yaliuzuia mswada, na heshima hiyo ni ya walioandamana. Lakini wabunge waliosema ndiyo walibaki na viti vyao, na Desemba ya mwaka uleule sheria ya kurekebisha kodi ilirudisha baadhi ya vipengele vya mswada uliokataliwa. Mkondo wa maji uliuziba; chemchemi hukuigusa.

Mchangiaji, Malindi

Kaka zangu, mnabishana kana kwamba kila kijana anashikilia kitambulisho mkononi na kinachomkosesha ni nia tu. Mimi nilipoomba kitambulisho niliambiwa na ofisi ya usajili nilete stakabadhi za babu yangu, mtu aliyefariki kabla sijazaliwa. Wenzangu wa bara waliojaza fomu mwaka uleule walikuwa wameshapata vyao. Nilipokipata changu, usajili wa wapiga kura ulikuwa umefungwa, na uchaguzi wa 2022 niliutazama kwenye runinga. Katika hesabu zenu nimeandikwa miongoni mwa vijana wasiojali.

Kuna wengine waliojiandikisha nyumbani kisha wakahamia Mombasa au Nairobi kutafuta kazi. Uchaguzi mkuu ukifika huenda mtu akajinyima ili apate nauli, lakini atalipa nauli mara ngapi kwa ajili ya uchaguzi mdogo wa wadi? Kuhamisha kituo kunaruhusiwa, nako kunataka siku ya kwenda katika ofisi ya tume ya eneo bunge unakotaka kupigia kura, na kwa kibarua wa mjengo siku moja ni mlo wa jioni. Kwa hiyo mimi nakubali kwamba kila uchaguzi una thamani. Ninachokataa ni kumpima kila kijana kwa kipimo kimoja.

Mleta mada

Dada, nimekosolewa na nimekubali. Niliandika kama mtu ambaye kituo chake kiko mwendo wa dakika 10 kutoka nyumbani, na ndivyo kilivyo. Hata hivyo, uliyoyasema kuhusu kuhamisha kituo yanatia nguvu upande mmoja wa hoja yangu: kijana anayeishi Kisauni, Mombasa, miaka 6 akiwa amesajiliwa kijijini anachagua mwakilishi wa barabara asiyoipita, huku ada za biashara yake zikipangwa na mtu asiyemchagua. Usajili endelevu ulirejea Septemba 2025. Afadhali siku hiyo moja ya kibarua ipotee mapema, kabla ya misururu ya dakika za mwisho.

Mchangiaji, Eldoret

Juu ya wadi umenishawishi kwa kiasi, na lile la kura zilizokataliwa sikulijua. Juu ya urais bado sijaona mtu wa kumpa kura yangu, na sitalazimishwa kuchagua kati ya wawili ambao wote nawakataa. Basi nikuulize jambo la vitendo: nikipewa karatasi 6, nikaweka alama kwenye ya wadi, ya mbunge na ya gavana, kisha nikazitumbukiza nyingine 3 zikiwa nyeupe, je, nimepiga kura katika uchaguzi huo au nimeususia?

Mleta mada

Umepiga kura mara 3, ndugu yangu, na zile 3 nyeupe zitakataliwa. Mimi nisingefanya hivyo, hasa kwa kiti cha seneta, ambaye kazi yake mojawapo ni kufuatilia fedha zinazotumwa kwa gavana huyohuyo uliyemchagua. Ila kati yako na aliyelala nyumbani siku hiyo, mwakilishi wako wa wadi atajua tofauti.