Naomba ushauri: chatu wangu wa mitini hajala tangu nimlete

Habari zenu wakuu. Kwa miaka nilitamani chatu wa kijani wa mitini, yule wa misitu ya New Guinea anayejiviringa juu ya tawi huku kichwa kikitulia katikati ya mikunjo. Wiki tatu zilizopita nilimpata mdogo, bado wa manjano (wanazaliwa wa manjano au wekundu, kijani huja baadaye). Muuzaji aliniapia kwamba ametotolewa na wafugaji, hakukamatwa porini, ila hati yoyote ya kuthibitisha hakunipa.

Juzi nilimmulika kwa tochi nikaona vijidudu vyeusi, vidogo kama ncha ya sindano, vikitambaa ukingoni mwa jicho na chini ya kidevu. Moyo ulinipasuka.

Kula hajala kabisa. Kitoto cha panya nampa usiku, taa zimezimwa, nakishika kwa koleo. Anatoa ulimi mara mbili tatu, kisha anageuza kichwa. Maji angalau anakunywa: nikinyunyiza, hufyonza matone yaliyonasa mwilini mwake. Upande wa joto ni nyuzi 30, wa pili 25.

Waliowahi kufuga, nimkimbize kwa daktari wa wanyama sasa, au safari itamzidishia hofu? Hao vijidudu mliwaondoaje bila kumuumiza? Na aliyekamatwa porini mnamtambuaje? Hilo la mwisho linaninyima usingizi, maana sikutaka kabisa kumnunua nyoka aliyeporwa msituni.