Orbán wa Hungary alishinda uchaguzi mara nne mfululizo. Hapo demokrasia imekufa wapi?

Mzigo Mzito: Wakuu, nifafanulieni, mnaosema Orbán kaua demokrasia kwao. 2010, 2014, 2018, 2022, zote kashinda, kawa waziri mkuu. Upinzani ulikuwepo, kura zilipigwa. Julai 2014 alisema hadharani, kule Romania, kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali, yaani isiyoweka mbele uhuru wa mtu mmoja mmoja, akazitaja Singapore, Uchina, India, Uturuki na Urusi kuwa ndizo zinazong'ara. Hakumficha mtu. Au Mzungu akichagua wasiyemtaka wakubwa wa Umoja wa Ulaya kule Brussels, kura yake inaoza?

Bi Tausi: Angalia alivyoshinda. 2010 alipata theluthi mbili ya bunge, akaandika katiba mpya, akachora majimbo ya uchaguzi upya. 2014 kura hazikufika hata asilimia 45, viti 133 kati ya 199. Theluthi mbili ileile! Majaji nao wakashushiwa umri wa kustaafu, kutoka 70 hadi 62. Mahakama ya Ulaya ilipokuja kukataa, nafasi nyingi zilishapata wenyewe. Yote kwa sheria. Nimesoma Debrecen, hukohuko Hungary, kwa ufadhili wa serikali yao, sihadithiwi.

Komredi wa Mbagala: Ngoja kwanza. Kakusomesha, kakulisha, leo unamsema? Shukrani ya punda mateke.

Bi Tausi: Ile ni kodi ya Wahungari, hajatoa mfukoni kwake. Wewe mkulima wa pamba kakusomesha, mbona hatukuoni shambani?

Komredi wa Mbagala: Mkulima sijawahi kumtukana.

Bi Tausi: Na mimi nimetukana wapi?

Mzigo Mzito: Jamani, punda aachwe. Uingereza 2024 chama cha Labour walipata kama asilimia 34, wakazoa viti zaidi ya 400. Mbona huko hamlii?

Chumvi Nyingi: Labour waliikuta kanuni, hawakuitunga wao wakiwa madarakani. Halafu vyombo vya habari vipi? 2018 matajiri wa upande wake waligawa bure magazeti, redio na tovuti zaidi ya 400 kwa taasisi moja. Serikali ikatangaza kuwa ni maslahi ya taifa, mamlaka ya ushindani wa biashara isiguse. Nani anagawa gazeti bure?

Mzigo Mzito: Nchi gani tajiri hana gazeti?

Kijana wa Ilala: Samahani Bi Tausi, huo ufadhili wanalipa na malazi? Maombi lini?

Bi Tausi: Ada yote, posho kidogo, na hosteli au hela ya kuchangia kodi ya nyumba. Mwisho huwa Januari. Beba koti la maana, mdogo wangu.

Kijana wa Ilala: Uzamili upo?

Bi Tausi: Upo.

Chumvi Nyingi: Mada ilikuwa majaji, tumefika kwenye makoti.

Komredi wa Mbagala: Si mnaona? Mnamwita dikteta huku mnapanga foleni mlangoni kwake.

Bi Tausi: Dikteta nimeandika wapi? Panda juu ukasome tena, kaka.